Number Girl au Asian Kung-Fu Generation: kama ni bendi moja tu, uchukue ipi?

Wengi wetu tuliingia kwenye roki ya Kijapani bila kujijua, mlango ukiwa ni Naruto, ile katuni ya Kijapani. Ile opening ya pili, besi inaanza peke yake inakimbia, afu dramu zinadondoka juu yake, afu jamaa anaanza kuimba kama kachelewa basi. Hiyo ngoma inaitwa Haruka Kanata na bendi ni Asian Kung-Fu Generation, Wajapani wenyewe wanawaita Ajikan kwa kifupi. Sasa mtu akishaipenda hiyo anaanza kuchimba, na akichimba kidogo tu anakutana na jina jingine linatajwa kila kona kwa heshima kubwa mno, Number Girl, na hapo ndo swali linakuja: nianze na nani? Maana muda hautoshi, bando halitoshi, na hizi bendi mbili ukizipiga kwa pamoja siku moja zinachanganya maskio.

Nataka nilijibu hili swali vizuri kwa sababu huwa linajibiwa ovyo. Utaambiwa "zote kali, skiliza zote", ambayo ni kweli ila haimsaidii mtu. Au utaambiwa Number Girl ndo wa kweli na Ajikan ni muziki wa katuni, na hilo mi silikubali hata kidogo, nitaeleza kwanini. Hizi bendi zina damu moja lakini maisha yao yamekwenda njia mbili tofauti kabisa, na ni hiyo tofauti ya maisha ndo itakwambia uchukue ipi.

Tuanze na wakubwa. Number Girl walianza 1995 Fukuoka, mji wa kusini huko kisiwa cha Kyushu, mbali na Tokyo. Wanne: Shutoku Mukai anaimba na kupiga gita, Hisako Tabuchi gita la pili, Kentaro Nakao besi, Ahito Inazawa dramu. Huo umbali na Tokyo ni jambo kubwa kwao, hata walipokuja kuwa na jina Mukai kwenye shoo alikuwa anajitambulisha kwamba sisi ni Number Girl tumetoka Hakata, Fukuoka, kwa sauti ya heshima kabisa kama mzee anafungua kikao, afu sekunde inayofuata kelele inakupiga usoni. Walitoa albamu ya kwanza kwa lebo ndogo 1997, School Girl Bye Bye, wakachukuliwa na lebo kubwa, Toshiba EMI, 1999 ikatoka School Girl Distortional Addict, 2000 Sappukei, 2002 Num-Heavymetallic, na Novemba 2002 wakavunja bendi. Basi. Albamu nne za studio. Ukianza Jumamosi asubuhi baada ya chai, mchana umemaliza zote na bado una muda wa kurudia.

Ajikan walianza 1996 kwenye klabu ya muziki ya chuo, Kanto Gakuin, Yokohama. Masafumi Gotoh anaimba na gita, Kensuke Kita gita, Takahiro Yamada besi, Kiyoshi Ijichi dramu. Hawa walikuwa wanafunzi wa kawaida wanaopenda bendi za nje, mwanzoni hata walikuwa wanaandika mashairi kwa Kiingereza, baadaye ndo wakahamia Kijapani na hapo ndo wakaanza kusikika kama wao. EP yao (rekodi fupi kuliko albamu) Hokai Amplify, yenye hiyo Haruka Kanata, ilitoka kwa lebo ndogo Novemba 2002. Angalia hiyo tarehe tena. Mwezi uleule Number Girl wanafunga duka Sapporo, Ajikan wanafungua lao. Hakuna aliyepanga, ila ukijua hilo unaelewa kwanini mashabiki wa Japani wanawaona hawa kama waliopokea kijiti.

Na wao wenyewe hawakuficha. Kwenye albamu yao ya kwanza nzima, Kimi Tsunagi Five M ya 2003, kuna wimbo unaitwa N.G.S, na hizo herufi ni Number Girl Syndrome. Yani walioupiga walikuwa wanasema waziwazi kwamba tumeumwa huu ugonjwa na hatujapona. Hata usingeambiwa, ukiskia magita yanavyokwaruzana humo ndani ungejua tu. Ndo maana nakasirika mtu akiwagombanisha hawa, mmoja kamheshimu mwenzake mpaka kampa wimbo, we unakuja kusema mmoja feki.

Haya, damu moja. Sasa tofauti.

Ya kwanza utakayoiskia ni sauti ya mwimbaji na mahali ilipowekwa. Mukai haimbi kwa maana ya kuimba, anapiga kelele, anabwabwaja, anaongea, muda mwingine analia kabisa, na kwenye School Girl Distortional Addict sauti yake imezikwa chini ya magita kiasi kwamba ni kama mtu anakuita kutoka ng'ambo ya barabara ya malori, unajua anakuita, unajua ni jambo la muhimu, maneno huyapati. Wengine hilo linawakimbiza hapohapo, wanasema rekodi mbovu. Mi nasema ndo uzuri wenyewe. Ukiskiliza Tomei Shojo, singo yao ya kwanza wakiwa lebo kubwa, dakika tatu na kitu tu, magita yanaingia makali kama bati linakatwa, dramu zinakimbia mbele ya wenzake, na Mukai anapiga kelele kuhusu majira ya joto na msichana mjini na huwezi kukaa umetulia, hata kama hujui neno moja la Kijapani mwili unajua. Ile ngoma ingesafishwa ingekufa.

Gotoh ni kinyume. Gotoh ni mwimbaji, ana tuni, na hata anapopiga kelele ile kelele ina nota. Chukua Rewrite, ile ya katuni ya Fullmetal Alchemist, ya 2004. Ubeti anaimba kwa kujizuia, maneno yamebanwa yanapita harakaharaka, gita linakatakata chini yake, afu kiitikio kinafunguka na anaachia koo lote. Ila sehemu ninayoipenda mi ni katikati, pale kila kitu kinashuka, besi inabaki inatembea polepole karibu na rege, unaanza kudhani wimbo unaisha, afu wanapanda ngazi kwa ngazi mpaka kile kiitikio kinarudi na kinakuwa kikubwa kuliko mara ya kwanza ingawa ni kilekile. Kwenye laivu hiyo sehemu ya katikati wanaivuta wanaichezea na watu mpaka ukumbi mzima unaimba. Huo ni ufundi wa kupanga wimbo, na Ajikan wamebobea hapo. Kupanga wapi ubane na wapi uachie, hilo Number Girl hawakulijali sana, wao walikuwa wanaachia tu mwanzo mwisho, angalau kwenye albamu mbili za mwanzo.

Magita. Hapa lazima nikae kidogo kwa sababu ya Hisako Tabuchi. Huyu dada anapiga gita aina ya Jazzmaster, anasimama pale jukwaani katulia kabisa, uso hauna habari, na kinachotoka kwenye ampu ni kama jengo linaanguka. Afu katikati ya hilo jengo linaloanguka kuna kamelodi kadogo kazuri, kana huzuni, ambako ukikakosa mara ya kwanza utakapata mara ya tatu. Nenda Omoide in My Head, ambayo ipo kwenye albamu ya kwanza ila itafute ya laivu: Mukai anamtaja mpiga dramu kwa jina lake zima, Ahito Inazawa, na Inazawa anajibu kwa mikono, afu linakuja gita na linakaa muda mrefu kabla mtu hajaimba neno lolote, na ule mda wa kusubiri ndo wimbo wenyewe kwa kweli. Wapiga gita wengi wa kike Japani waliokuja baadae wapo kwenye barabara aliyoipasua yeye. Baada ya Number Girl alienda kupiga na Bloodthirsty Butchers na akaanzisha bendi yake Toddle ambako anaimba mwenyewe, kwa hiyo ukimpenda kuna kwa kwenda.

Kita na Gotoh wa Ajikan wao ni timu. Hakuna anayetaka kung'aa peke yake. Mmoja anapiga kodi, mwenzake anapiga zile nota mbilimbili za juu zinazoimba, na Re:Re: ndo mfano mzuri, intro yake yale magita yanaongea, moja linauliza jingine linajibu, mpaka unasahau kwamba bado hawajaanza kuimba. Kuna Weezer nyingi hapo ndani, kuna Ash, bendi za nje walizozipenda, na hilo pia hawakulificha maana walianzisha tamasha lao wenyewe, Nano-Mugen Fes, tangu 2003, likakua mpaka likawa linajaza Yokohama Arena, na 2011 wakawapandisha hao Weezer na Ash kwenye jukwaa moja na bendi za Kijapani. Yani waliokuwa wanafunzi wanaiga nyimbo za watu chumbani wakaja kuwaalika watu haohao nyumbani kwao. Hilo linanigusa kila nikilifikiria.

Besi na dramu nitapita haraka. Nakao anakita chini chini bila kupumzika, mkono wake unashuka tu, na besi yake imechafuliwa kiasi kwamba inajaza nafasi ya gita la tatu. Inazawa anapiga dramu kama hazijafungwa sawasawa na anaogopa zitakimbia. Yamada na Ijichi ni safi, Ijichi hasa, ni mpiga dramu wa kuaminika kupita kiasi, haraka lakini kila pigo lipo mahali pake. Ukipenda muziki unaotishia kudondoka chukua Inazawa, ukipenda muziki unaokushika mkono chukua Ijichi.

Sasa rekodi zenyewe. Kuna watu wanadhani Number Girl ni kelele ileile albamu zote nne, hapana. Kuanzia singo ya Destruction Baby na albamu ya Sappukei walifanya kazi na prodyuza Mmarekani Dave Fridmann, yule wa bendi za Mercury Rev na Flaming Lips, na Sappukei walienda kuirekodi studioni kwake Tarbox Road huko jimbo la New York. Ukiweka School Girl Distortional Addict afu ukaweka Sappukei mara moja unaskia chumba kimebadilika, dramu zimekuwa kubwa za kutisha, gita bado lina makali lakini sasa lina kivuli nyuma yake. Zegen vs Undercover ya humo ndo ngoma ya kumpa mtu anayesema hajawaelewa. Afu Num-Heavymetallic, albamu ya mwisho, pale wameenda kwingine kabisa, kuna dabu, ile rege ya mwangwi, kuna fanki iliyopinda, Num-Ami-Dabutz Mukai anarap kwa staili ya mtu anayehubiri barabarani, Tabuchi anapiga vipande vikavu vifupi. Ni albamu ngumu. Ni nzuri sana na ni ngumu, usiianze hiyo tafadhali, nimeona watu wakiianza hiyo na hawarudi tena. Iache mpaka umeshawapenda.

Kwa Ajikan rekodi ni safi tangu mwanzo, kila kitu unakiskia, hata kwenye spika ya simu. Sol-fa ya Oktoba 2004 ilipanda mpaka namba moja Oricon, chati kuu ya muziki Japani, na ukiiskiliza unaelewa kwanini, nyimbo 12, hakuna ya kuruka: Rewrite, Kimi no Machi Made, Siren, Re:Re:, Kaigandori, Loop & Loop ya kufungia. Cha ajabu ni kwamba 2016 waliirekodi upya yote kuanzia mwanzo, wakiwa watu wazima, na matoleo yote mawili yapo. Ya 2004 ina njaa, ya 2016 ina mwili. Mi nakwambia anza na ya 2004, njaa haifundishwi.

Na hapo ndo tunafika kwenye jambo lenyewe, umbo la maisha ya hizi bendi, maana ukichagua bendi hauchagui wimbo, unachagua utaishi na nani.

Number Girl ilikufa ikiwa kileleni. Nakao alitaka kutoka, na wenzake hawakutafuta mpiga besi mwingine, walisema Number Girl ni hawa wanne au sio Number Girl. Shoo ya mwisho ilikuwa Sapporo tarehe 30 Novemba 2002 na ipo kwenye rekodi, unaweza kuiskia. Hakuna kujivuta, hakuna albamu mbovu ya uzeeni. Afu Februari 2019 wakatangaza wanarudi, na walipanga kurudia kwenye tamasha la Rising Sun huko Hokkaido mwezi Agosti, kimbunga kikaja, siku ile ikafutwa. Jamaa wamesubiriwa miaka 16 na kitu na kimbunga kinakuja siku hiyohiyo! Wakapiga Hibiya, Tokyo, siku chache baadae. Machi 2020 korona ikawafungia watu nje, wakapiga Zepp Tokyo bila mtu hata mmoja ndani na kurusha mtandaoni, na kwenye Tomei Shojo akatokea Mirai Moriyama, yule mwigizaji, anacheza kama kapandwa na kitu kwenye ukumbi mtupu. Itafute hiyo. Mwishowe Agosti 2022 wakapata kupanda lile jukwaa la Rising Sun, na palepale wakatangaza kwamba wanavunja tena, shoo ya mwisho Desemba 11, 2022, Pia Arena, Yokohama. Hawakutoa albamu mpya kipindi chote hicho. Walirudi kupiga nyimbo zao na watu wao, wakaondoka tena kwa miguu yao.

Kwa hiyo ukimchukua Number Girl unachukua kitu kilichokamilika. Hutasubiri chochote, hutakatishwa tamaa na chochote. Ila pia utafika ukuta mapema, na ule ukuta unauma, nakuambia. Dawa ni Zazen Boys, bendi aliyoianzisha Mukai 2003 akiwa na Inazawa mwanzoni, ambayo bado ipo na Januari 2024 wametoa albamu baada ya ukimya wa miaka 12. Inazawa yeye alishatoka zamani akaanzisha Vola & The Oriental Machine, ambako kaacha fimbo kashika gita na maiki.

Ajikan wao hawajafa. Wanne walewale, tangu hiyo EP ya 2002 mpaka leo, na hilo peke yake kwenye ulimwengu wa bendi si jambo dogo. Albamu kumi za studio mpaka Planet Folks ya 2022. Na sio kumi zinazofanana: Fanclub ya 2006 ina giza, ni ya bendi iliyopata umaarufu ghafla na haijui ifanye nao nini. World World World ya 2008 ni kubwa imepangwa kama safari moja. Mwaka huohuo wa 2008 wakatoa Surf Bungaku Kamakura, ambayo kila wimbo una jina la kituo cha treni ya Enoden, ile njia fupi inayopita pwani kutoka Fujisawa mpaka Kamakura, nyimbo kumi fupi za kufurahi, na 2023 wakarudi wakamalizia vituo vilivyobaki, sasa ipo kamili vituo vyote 15. Nani anafanya hivyo? Nani anakumbuka baada ya miaka 15 kwamba kuna vituo vitano hakuviimbia na anarudi kuviimbia? Mtu anayependa anachofanya, huyo.

Afu kuna Ajikan baada ya tetemeko la Machi 2011. Gotoh aliguswa sana na ile ajali ya mtambo wa nyuklia wa Fukushima, akaanzisha gazeti la bure, The Future Times, la kuzungumzia nishati na jinsi ya kuishi baada ya pale, na Landmark ya 2012 unaiskia hiyo hewa ndani yake. Wapo mashabiki walioona anaongea sana siasa. Mi namheshimu kwa hilo, mtu ulieimba miaka kumi kuhusu kuunganishwa na wenzako ukinyamaza siku wenzako wanazama, nyimbo zako zilikuwa za nini? 2015 wakatoa Wonder Future, waliyoirekodi kwenye studio ya bendi ya Foo Fighters, 606, Los Angeles, albamu nzito ya magita, na ukweli ni kwamba sio albamu zote za kipindi hiki zimenishika sawa, Hometown ya 2018 ina vibao vitamu vya pawa popu ila kuna za katikati ninaziruka. Hiyo ndo gharama ya bendi inayoishi muda mrefu. Utapata ya kuruka.

Sasa hili la anime, yani katuni za Kijapani, maana najua lipo kichwani kwako. Ndio, Ajikan wana Naruto, Fullmetal Alchemist, Bleach kwa wimbo wa After Dark, Re:Re: ilifufuliwa 2016 kwa ajili ya anime ya Erased miaka 12 baada ya kutoka, Blood Circulator ya Naruto Shippuden. Wanaosema hilo linawashusha wajiulize kitu kimoja, Haruka Kanata ilikuwa imeshatoka kwenye EP ya lebo ndogo kabla Naruto hawajaichukua. Anime iliwafata wao. Na 2022 ikaja Bocchi the Rock!, ile ya binti mwenye haya anayejifunza gita chumbani, wale wasichana wanne wa bendi wana majina ya ukoo Gotoh, Kita, Yamada na Ijichi, majina ya episodi yametokana na nyimbo za Ajikan, na episodi ya mwisho inafungwa na wimbo wao Korogaru Iwa, Kimi ni Asa ga Furu ukiimbwa na huyo binti. Kizazi kizima cha watoto Japani kimeshika gita upya kupitia pale. Number Girl hawana mlango mpana namna hiyo, walifanya muziki wa filamu moja ya Akihiko Shiota, Gaichu ya 2001, ila huwezi kuwakuta kwa bahati, lazima mtu akupeleke. Basi mi nakupeleka.

Uamuzi, bila kuzungukazunguka.

Kama unaskiliza kwa tuni, yani wimbo lazima uweze kuuimba bafuni ndo unaupenda, chukua Ajikan. Kama unajifunza gita, chukua Ajikan pia, nyimbo zao zinapigika, zinafundisha, na raha ya kucheza Re:Re: na mwenzako sebuleni haielezeki. Kama unataka bendi ya kukua nayo, inayotoa kitu kipya, ambayo siku moja unaweza ukaiona kwa macho yako maana Ulaya na Amerika ya Kusini wameshapiga, jibu ni lilelile. Ingia na Sol-fa ya 2004, rudi Kimi Tsunagi Five M, ruka mpaka Surf Bungaku Kamakura ukapumzike, afu Fanclub ukiwa na siku mbaya.

Kama umetokea kwenye panki, au Pixies, au Sonic Youth, au singeli ndo inakupa raha kwa sababu ya ile spidi isiyoomba ruhusa, chukua Number Girl. Kama rekodi safi zinakuchosha, kama unataka kuskia watu wanne chumbani wanafukuzana, ndo hao. Kama huna muda wa kufatilia albamu kumi, ndo hao tena. Na usianze na albamu ya studio, mi nasema anza na laivu yao ya Shibuya Club Quattro ya 1999, Shibuya Rocktransformed Jotai, kwa sababu pale sauti ya Mukai inaskika vizuri kuliko kwenye studio na kelele ya watu inakupa mahali pa kusimama. Kutoka hapo School Girl Distortional Addict, Sappukei, na ile ya 2002 mwishoni.

Na kama umesoma mpaka hapa bado hujaamua, kuna njia ya tatu ambayo kwa kweli ndo ninayowapa watu wangu wa karibu. Weka Kimi Tsunagi Five M toka wimbo wa kwanza, usiruke. Ukifika N.G.S angalia mwili wako unafanya nini. Kama umeupita tu kama wimbo mwingine, endelea na Ajikan, upo nyumbani. Kama umerudisha nyuma kuuskiliza tena, funga hiyo albamu, tafuta Tomei Shojo, ongeza sauti.